Nani Mwenye Haki ya Kuusimamisha Wimbo?

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao ziingie kwenye sahani za santuri. Siku hizo mashine ilikaa mahali pake, na aliyetaka kusikika ilimbidi aifuate, yeye na mwenye udi na mwenye fidla, wote chomboni. Leo mambo yamegeuka. Mpiga gitaa aliye Mombasa anafungua programu ya kurekodia kwenye kompyuta yake, anaweka laini yake, anakwenda kulala. Mpiga besi aliye Kampala anaikuta asubuhi ndani ya faili lile lile, anaongeza yake. Jioni mwimbaji aliye Muscat anavaa hedifoni na kutia sauti juu ya hao wawili ambao hajawahi kupeana nao mkono. Wimbo unakamilika na kupewa jina, na chini yake panaandikwa kwamba watu hawa watatu wameupiga pamoja. Je, kweli wameupiga pamoja? Au kila mmoja amepiga peke yake, mashine ikaukusanya upweke wa watu watatu na kuuita bendi?

Swali hili laweza kuonekana la kupotezea muda, mpaka tukumbuke kwamba dini zililazimika kulijibu juzi tu, tena haraka. Mwaka 2020, janga la Korona lilipofunga misikiti na makanisa katika nchi nyingi, waumini waliuliza: nikisimama chumbani kwangu nikamfuata imamu ninayemwona kwenye simu, swala yangu ni ya jamaa? Wanazuoni wengi walijibu kuwa sivyo. Sababu zao zilikuwa za kifiqhi: imamu na maamuma huunganishwa na mahali na safu, na picha kwenye kioo haiungi safu. Kanisa Katoliki lilikuwa limeshatamka mapema zaidi, katika waraka wa Vatikani wa mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti, kwamba mtandaoni hakuna sakramenti, na kwamba mtandao hauwezi kushika nafasi ya ibada ya jumuiya ya watu waliokusanyika kwa miili yao. Mafundisho hayo mawili yametoka katika misingi tofauti kabisa, lakini yanakutana katika jambo moja: kuona na kusikia tendo la wenzako hakutoshi kukufanya mshiriki wa tendo hilo.

Katika swala ya jamaa kuna jambo dogo ambalo, ingawa si ndilo msingi wa hukumu ile, naliona limebeba ufunguo wa suala zima. Imamu akisahau, akainuka kwa rakaa ya tano ilhali swala ni ya rakaa nne, walio nyuma yake hawanyamazi. Mwanamume husema "Subhanallah", mwanamke hupiga kofi, na imamu husikia, hurudi kukaa, kisha husujudu sijda mbili za kusahau na wote husujudu pamoja naye. Akikwama katikati ya aya, aliye nyuma humkumbusha. Maamuma, basi, si mtazamaji. Amefungwa kwa imamu, na imamu naye kafungwa kwake. Kosa la mmoja hulipwa kwa sijda ya wote. Anayeswali mbele ya televisheni anaweza kusema "Subhanallah" mpaka koo likauke, na imamu wa kwenye kioo ataendelea na rakaa yake ya tano. Juu ya tofauti hii najenga hoja yangu: watu wanafanya jambo pamoja pale ambapo kila mmoja anaweza kumrekebisha mwenziwe kabla tendo halijafungwa, na mwenziwe ana wajibu wa kumsikia. Kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja ni njia ya kuifikia hali hiyo, na mara nyingi ndiyo njia bora. Lakini njia si mwisho wa safari, na katika muziki, ambao haukuwekewa masharti ya ibada, yafaa tuulize kama mwisho huo waweza kufikiwa kwa njia nyingine.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba intaneti ndiyo iliyowatenganisha wanamuziki. Utengano ulianza studioni, watu wakiwa wamekaa jengo moja. Mwaka 1941, Sidney Bechet alirekodi huko Marekani wimbo ambao ala zote sita alizipiga mwenyewe, moja juu ya nyingine. Baada ya vita Les Paul aliikuza mbinu hiyo, na zilipoenea mashine za utepe zenye traki nyingi, ikawa kawaida mpiga ngoma kurekodi Jumatatu na mwimbaji Alhamisi, wasionane hata mlangoni. Ukitaka kuona tofauti iliyoletwa na mashine hizo, zifikirie bendi za dansi za miaka ya 1970 zilizorekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima iliingia na kupiga kwa mkupuo mmoja: magitaa, besi, ngoma, tarumbeta na waimbaji, wote mbele ya maikrofoni chache. Tarumbeta ikiteleza katika kiitikio cha mwisho, ama wote walirudia tangu mwanzo, ama kosa lilibaki kwenye utepe milele. Hapakuwa na namna ya kulikata kosa la mmoja bila kugusa kazi ya wote. Huo ulikuwa umoja wa kulazimishwa na chombo. Chombo kilipobadilika, umoja ukawa jambo la hiari, na jambo la hiari ndilo linalohitaji kufikiriwa kimaadili.

Waliotaka kuurudisha umoja wa wakati mmoja kwa njia ya mtandao waligonga ukuta wa maumbile. Hewani, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji waliosimama mita 10 mmoja kutoka kwa mwingine tayari husikiana kwa kuchelewa karibu sehemu 29 za elfu za sekunde. Ucheleweshaji ukizidi hapo sana, mapigo huanza kuburuzwa: kila mmoja humsubiri mwenziwe, na wimbo huzidi kuwa mzito mpaka unasimama. Nuru ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Programu kama JackTrip, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, na Jamulus huweza kuwakutanisha watu wa miji isiyo mbali sana. Lakini kati ya Dar es Salaam na London pana zaidi ya kilomita 7,000 hata ukizipima kwa mstari ulionyooka; hakuna fundi atakayeipunguza safari hiyo, kwa kuwa nuru haiongezwi mwendo. Mwaka 2005 ilitokea programu ya NINJAM, ambayo ilikubali kushindwa kisha ikakugeuza kushindwa huko kuwa kanuni. Badala ya kuupunguza ucheleweshaji, inaurefusha ulingane na mzunguko kamili wa mapigo, mathalani mapigo 16. Unapopiga mzunguko wa pili, unawasikia wenzako walichopiga katika mzunguko wa kwanza, na wao vivyo hivyo. Mapigo yanaoana vizuri, ila hakuna wawili wanaosikia muziki ule ule. Kila sikio lina wimbo wake, na wimbo mmoja wa wote haupo popote.

Kwa kipimo cha wakati mmoja, NINJAM ni kiini macho. Kwa kipimo cha kurekebishana, ni muziki wa pamoja, ingawa jibu linakuja mzunguko mmoja baadaye. Mpiga besi akipunguza nota, mpiga ngoma atalisikia pengo hilo na kuliacha lipumue au kulijaza, na mpiga besi atapokea uamuzi huo na kuujibu. Hali ni hiyo hiyo jibu linapochukua siku nzima, au wiki. Albamu ya Give Up, iliyotoka mwaka 2003, ilitengenezwa na Jimmy Tamborello wa Los Angeles na Ben Gibbard wa Seattle kwa kutumiana muziki kwa posta. Ndiyo maana walijiita The Postal Service. Tamborello alituma muziki wa mashine, Gibbard akaukatakata, akaupanga upya, akatia sauti, akaurudisha. La kuzingatia hapo ni yale makato. Aliyepokea hakupewa ukuta uliokwisha kupigwa lipu ili atundike picha yake; alipewa kitu ambacho bado kilikubali kubadilika, na alikibadilisha. Posta ilichelewesha majibu, lakini haikuyazuia.

Ndani ya programu za kushirikiana za leo, jambo hili limeandikwa mahali ambapo wengi hupita bila kusoma: kwenye ruhusa. Aliyefungua mradi ndiye mwenye mradi. Anapomkaribisha mwenziwe huamua kama mgeni huyo atasikiliza tu, au ataongeza traki, au atagusa zilizokwisha kuwekwa. Linganisha mialiko miwili. Katika wa kwanza, mwimbaji anatumiwa biti iliyokwisha kuchanganywa, faili moja la pande mbili, kushoto na kulia, ambalo ndani yake ngoma haitengeki na kinanda. Anatia sauti, anatuma, na prodyuza anachagua mistari anayoitaka. Katika wa pili, mwimbaji anakuta traki zote wazi. Anaona kwamba kinanda kinagombana na sauti yake katika beti ya pili, anakinyamazisha, anaandika pembeni kwamba beti hiyo ingefaa iwe na ngoma tupu, na asubuhi anakuta mpiga kinanda amekubali, au amekataa na kueleza sababu. Watu wa nje watauita kila mmoja kolabo. Lakini katika wa kwanza kuna aliyeajiri na aliyeajiriwa, hata kama hakuna malipo. Katika wa pili kuna wenzi. Tofauti hiyo haikuletwa na umbali wa maili kati yao. Imeletwa na nani anaweza kusema "hapa pamekosewa" na neno lake likawa na uzito.

Kipimo hiki kinatufikisha mahali pagumu, kwa kuwa kinapunguza thamani ya kitu ambacho wengi wamekipenda. Mwaka 2010 mtunzi wa Marekani Eric Whitacre aliwaunganisha waimbaji 185 kutoka nchi 12 katika kwaya ya mtandaoni. Kila mmoja alijirekodi peke yake akifuata video ya Whitacre akiongoza, kisha sauti zote zikapangwa pamoja. Kufikia mwaka 2020, kwaya ya namna hiyo ilikuwa na waimbaji 17,572 kutoka nchi 129. Sauti ni nzuri, na washiriki wengi hawakudanganya waliposema walijiona wamo katika kitu kikubwa kuliko wao. Lakini mwimbaji wa alto hakumsikia jirani yake, na mwongozaji aliyeonekana kwenye video alikuwa amekwisha kuongoza. Mwimbaji akivuta nota kupita kiasi, mkono ule usingemngoja. Je, hisia zao zilikuwa za uongo? La. Waislamu wote huelekea kibla kimoja, na huo ni umoja wa kweli, umoja wa nia, unaomfunga mtu wa Lamu na mtu wa Jakarta wasiojuana. Hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo wawili hao wameswali jamaa. Kwaya ya Whitacre ilikuwa na kibla. Safu haikuwa nayo. Kuutambua umoja wa nia hakutulazimishi kuuita jina la umoja mwingine.

Mapokeo ya ushairi wetu yalijua zamani kuzitenga aina hizi, tena kwa maandishi yaliyosafirishwa kwa jahazi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikihasimiana, Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu walirushiana mashairi. Shairi lilitoka mji mmoja, likasomwa mji wa pili, likajibiwa kwa kejeli na mafumbo, na jibu likazaa jibu. Walikuwa maadui na bahari iko kati yao, lakini walitunga pamoja kwa maana niliyoieleza, kwa kuwa kila mmoja alibadili atakachosema mwenziwe. Takhmisa ni jambo jingine. Humo mshairi huchukua beti ya mishororo miwili ya mtangulizi wake, akaitangulizia mishororo mitatu yake yenye kufuata kina, ikawa beti ya mishororo mitano. Ni heshima kubwa, lakini mara nyingi mwenye mishororo miwili yumo kaburini. Hawezi kusema kwamba nyongeza imempotosha. Natalie Cole alipotoa mwaka 1991 wimbo alioimba na sauti ya baba yake, Nat King Cole, aliyefariki mwaka 1965, alifanya takhmisa. Tukiuita wimbo huo wa watu wawili, tunampa marehemu tendo asilolitenda. Sauti yake ilikuwapo. Ridhaa yake na ukaidi wake havikuwapo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema nimeusahau mwili. Mwanafalsafa Alfred Schutz, katika makala yake ya mwaka 1951 kuhusu kupiga muziki pamoja, alieleza kwamba wapigaji hushiriki mkondo mmoja wa wakati wa ndani, na kwamba kila mmoja husoma uso, pumzi na mikono ya mwenziwe. Nakubali kwamba hakuna ruhusa ya programu itakayolipa deni hilo. Mtazame mpiga fidla wa taarab akimwangalia mwimbaji anayekaribia mwisho wa beti: nyusi zinainuka, upinde unasubiri, na mpiga kanuni anajua kwamba kiitikio hakijafika bado. Lakini Schutz huyo huyo alisema pia kwamba msikilizaji hushiriki mkondo wa mawazo ya mtunzi aliyekufa karne nyingi zilizopita, maana muziki wenyewe ndio unaobeba wakati huo wa ndani. Akisema hivyo amekubali kwamba uso ni chombo bora cha kusikilizana, si kusikilizana kwenyewe. Tena kuna ushahidi wa upande wa pili ambao wanaosifia mwili hawautaji: watu wanaweza kukaa jukwaa moja, jasho likiwatiririka, na wasisikilizane kabisa. Bendi ambayo mwenye bendi hukata mshahara wa anayemwambia kwamba mapigo yanakimbia ina miili yote inayohitajika. Haina jamaa.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, na silijibu lote. Kwenye programu kuna kitufe cha kufuta. Mpiga gitaa aliye peke yake chumbani hurudia sehemu yake mara nyingi, akachagua iliyo safi, na wenzake hawamjui isipokuwa kwa usafi huo. Katika studio ya redio niliyoitaja, kosa lilisikika na wote, na wote walilibeba: mpiga ngoma aliinua mkono kidogo ili kulifunika, mwimbaji aliingia mapema kuliziba pengo. Kama nilivyosema kuhusu sijda ya kusahau, kosa la mmoja likiwa la wote ndipo wenzi hujuana. Wenzi wanaoonyeshana usafi mtupu wanaweza kurekebishana kazi, lakini hawapati nafasi ya kusameheana. Najibu nusu: kitufe hicho hakimlazimishi mtu. Wapo wanaokubaliana kuwekeana rasimu chafu kwanza, na programu huhifadhi hatua zilizopita kwa yeyote atakayetaka kuzirudia. Nusu iliyobaki naikubali. Hatari ya kupiga mara moja tu mbele ya watu, ukijua kwamba nota ikitoka hairudi, haipatikani kwenye faili. Kwa hiyo kazi ya mtandaoni haichukui nafasi ya jukwaa, na asiyewahi kukosea mbele ya wenzake bado ana somo hajalisoma.

Wengine watasema kipimo changu ni kilegevu, kwani kitaipitisha hata mashine. Tangu mwaka 2013 programu ya Logic imekuwa na mpiga ngoma wa kompyuta, na anaweza kuwekwa afuate traki ya mwanamuziki: ukibadili mapigo ya besi, naye anabadili yake. Anasikia, anajibu, anarekebishika kuliko binadamu yeyote. Lakini sharti langu lina pande mbili. Mashine hurekebishwa, haiwajibiki. Haina jina litakaloharibika wimbo ukiwa mbaya, haina haki itakayodhulumiwa ikifutwa, na haiwezi kukukatalia kwa sababu inayojali. Anayepiga nayo ana chombo chepesi mkononi, kizuri kwa kazi yake. Mwenzi ni yule anayeweza kukuambia hapana, na ukimpuuza ukawa umemkosea.

Yakikubalika haya, yapo mambo ya kutenda. Vikundi vya kasida na kwaya za parokia, ambavyo wanachama wake wametawanyika kati ya Pwani, Ghuba na Ulaya, havina haja ya kuona haya kwa kurekodi kila mtu alipo, wala visijidanganye kwamba video yenye vidirisha 40 vya nyuso imekwisha kuwafanya kundi. Wajiulize kabla ya kufungua faili la kwanza: nani ataweza kugusa traki ya mwenziwe, malalamiko yatasikilizwa wapi, na nani atasema kazi imekwisha? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua hata majina yaandikwe vipi na pesa igawanywe vipi, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kurekebisha ni mtunzi, na aliyeleta sauti tu akaondoka ni mgeni aliyefadhili, astahiki shukrani na ujira wake. Mahali ambapo kila mmoja anaweza kuusimamisha wimbo na wenzake wakageuka kumsikiliza, pana watu wanaopiga pamoja, hata wakitengwa na bahari. Mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye mwenye uwezo huo, pana mwenye wimbo na wasaidizi wake, hata wakikaa zulia moja.